Gari lako linakula shilingi ngapi kwa kilomita? Mwongozo kamili kwa madereva wa Mtwara na Lindi

Wengi wetu tunanunua mafuta kwa shilingi, si kwa lita. "Dada, niwekee ya elfu kumi." Kesho kutwa ya elfu kumi na tano, halafu ya elfu tano ya kusukumia mpaka mshahara utoke. Mwisho wa mwezi mtu akikuuliza gari limekula kiasi gani, unajibu "linakula sana", basi. Kwa mtindo huo huwezi kujua kama gari limeanza ugonjwa, kama fundi alilitibu kweli au alikula hela yako, wala kama safari ya Masasi ni afadhali upande basi.

Namba tunayoitafuta hapa ni moja: shilingi kwa kilomita. Ukiwa nayo, mengine yote ni kuzidisha na kujumlisha, kazi ambayo kikokotoo cha simu kinaiweza.

Hatua ya kwanza: pima kwa fulu mpaka fulu

Usiamini mshale wa mafuta. Kwenye magari mengi mshale hukaa juu muda mrefu, halafu ukishavuka nusu unaporomoka. Tenki lenyewe si boksi, lina mikunjo na mabonde, kwa hiyo robo ya mshale si lazima iwe robo ya tenki.

Nenda sheli na ujaze fulu. Bomba la pampu likijikata lenyewe mara ya kwanza, mwambie muuzaji aishie hapo. Wengine hupenda kuongezea kidogo kidogo ili pesa iwe kamili, isibaki ya chenji. Kataa kwa upole. Ukijaza mpaka shingoni leo na kesho ukaishia kwenye kujikata, kipimo chako kimeharibika, na mafuta yanayofika shingoni yanaweza kuingia kwenye mfumo wa mvuke ambao haukujengwa kupokea mafuta ya maji. Andika kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi.

Tumia gari kama kawaida yako. Usiliendeshe kwa adabu ya mtihani, kwa sababu unapima maisha yako halisi. Tenki likifika nusu au robo, rudi ukajaze fulu tena, ikiwezekana sheli ileile, pampu ileile, gari likiwa limesimama mahali palepale. Mteremko mdogo tu wa sakafu unabadilisha mahali bomba linapojikata. Andika lita zilizoingia na kilomita mpya.

Tuseme mara ya kwanza ilisomeka 84,310 na mara ya pili 84,673. Umetembea kilomita 363. Risiti inasema lita 27.5. Gawanya 363 kwa 27.5, unapata kilomita 13.2 kwa lita. Lita zinazohesabiwa ni zile za kujaza mara ya pili, kwa sababu ndizo zilizorudisha yaliyoliwa. Zile za mara ya kwanza zilikuwa za kuweka mstari wa kuanzia.

Kama unashuku kwamba kilomita za gari zilirudishwa nyuma kabla hujalinunua, hilo halivurugi hesabu hii. Unachotumia ni tofauti, na tofauti haijali ilianzia wapi. Kinachovuruga ni tairi zisizo za saizi yake. Ukifunga kubwa kuliko zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari, dashibodi itahesabu kilomita pungufu na utadhani gari ni mlafi kuliko lilivyo.

Magari mengi ya Kijapani yanaonyesha wastani wa km/L kwenye kioo cha dashibodi. Ni msaada mzuri wa kulinganisha leo na jana, lakini mara nyingi kioo hicho kinalisifia gari. Hesabu ya risiti ndiyo ya kuaminika.

Rudia mara tatu nne kabla ya kutoa hukumu, na tenganisha matenki ya mjini na ya safari ndefu. Gari linalotoa 13 kwenye lami ya Lindi linaweza kutoa 10 au 11 kwa mizunguko ya Ligula, Chikongola na sokoni, ambako injini haijapata joto sawasawa unaizima. Andika namba zote mbili. Daftari la shule la kurasa chache, likae kwenye droo ya gari pamoja na risiti, linatosha. Programu za simu zipo, ila wengi huziacha mwezi wa pili.

Hatua ya pili: ijue bei halali ya lita

EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji, hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Bei hizo zimegawanywa kwa bandari ambako mafuta yanashushwa: Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Sisi wa kusini, pamoja na ndugu zetu wa Ruvuma, tunafuata bandari ya Mtwara. Ndani ya jedwali hilo kila wilaya ina mstari wake, na kadiri unavyokwenda mbali na bandari ndivyo gharama ya kusafirisha inavyopandisha bei. Kwa hiyo mtu wa Mtwara mjini anayekwenda Liwale au Nachingwea hana sababu ya kuondoka na nusu tenki akategemea kujaza akifika. Ajaze nyumbani.

Ukipiga *152*00# kwenye simu unaweza kuangalia bei ya mahali ulipo bila intaneti. Hiyo ni bei ya juu kabisa. Sheli inaruhusiwa kuuza chini yake, hairuhusiwi kuuza juu yake. Wapo wanaouza chini kwa shilingi chache, lakini piga hesabu kabla ya kuwafuata. Ukiokoa shilingi 20 kwa lita ukijaza lita 30, umeokoa 600. Kama sheli hiyo imekuongezea kilomita 6 za kwenda na kurudi, na gari lako linakula zaidi ya shilingi 250 kwa kilomita mjini, umelipa zaidi ya 1,500 ili uokoe 600.

Pampu ianze kwenye sifuri, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, uichukue. Wakala wa Vipimo ndio wanaokagua pampu na kubandika stika, na stika hiyo unaweza kuisoma umesimama palepale. Mafuta ya kwenye madumu na chupa za vijijini yaache yawe ya dharura tu. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa ndiyo iliyoifanya nchi kuanza kuweka vinasaba, yaani alama maalumu ya kuyatambua, kwenye mafuta mwaka 2010, na nozo zako, zile zinazonyunyizia injini mafuta, hazina namna ya kulalamika mpaka zimeziba.

Sasa namba yenyewe. Tuchukue lita moja kwa Sh 3,000 ili hesabu iwe rahisi; wewe weka bei ya mwezi wako. Gawanya 3,000 kwa 13.2, unapata kama shilingi 227 kwa kilomita barabarani. Mjini, kwa kilomita 11 kwa lita, ni shilingi 273.

Hatua ya tatu: kadiria safari, kadiria mwezi

Mtwara mpaka Lindi ni kama kilomita 110. Kwenda na kurudi 220, gawanya kwa 13.2, lita 16.7, shilingi elfu hamsini. Imekwisha.

Mwezi nao unakwenda vivyo hivyo. Mfanyakazi anayekaa Mikindani na kazi yake iko mjini anatembea kama kilomita 20 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni 440. Ongeza 160 za sokoni, kanisani au msikitini, na kuwafuata watoto. Kilomita 600 za mjini ni lita 54.5, karibu Sh 164,000. Akiwa na safari moja ya Masasi, kilomita 400 kwenda na kurudi, ni lita 30 na ushee, Sh 91,000. Jumla 255,000. Mtu huyo ukimuuliza leo, atakwambia anatumia "kama laki na nusu hivi", kwa sababu elfu kumi kumi hazina kumbukumbu.

Hapa kuna jambo linaloleta maneno kwenye familia: mchango wa mafuta. Msiba umetokea Newala, gari ni lako, watu wanne wanapanda. Mmoja anakupa elfu kumi, mwingine anasema "tutaonana", na kwa heshima ya msiba unanyamaza. Piga hesabu mapema, tena mbele yao. Mtwara mpaka Newala kupitia Tandahimba ni kama kilomita 140. Gari limejaa watu watano, kuna kuupanda uwanda wa Makonde, na unaweza kukuta vipande vya vumbi au michepuko ya ujenzi. Usitumie 13.2 hapo, tumia 10. Kilomita 280 ni lita 28, Sh 84,000. Mkigawana watano, wewe ukiwemo, kila mmoja ni 16,800. "Jamani, hesabu ya mafuta ni elfu kumi na saba kila mtu" ni kauli nyepesi kuitoa kabla ya kuwasha gari. Baada ya kurudi inageuka lawama. Na hapo hujagusa tairi, oili wala breki, ambavyo navyo safari imevila.

Kwenye safari ndefu ongeza asilimia 10 mpaka 15 ya akiba. Mei 2024, mvua zilizoandamana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi, magari yakakwama pande zote mbili. Aliyepiga hesabu ya lita kwa lita hakuwa na hata ya kurudi alikotoka.

Hatua ya nne: mguu wako kwanza, gereji baadaye

Watu wanaanza na fundi. Mimi naanza na mguu wa kulia, kwa sababu hauhitaji kununuliwa kipuri.

Mwendo ndio mlafi mkubwa. Upinzani wa hewa hauongezeki sawa na mwendo, unaongezeka kwa mraba wake. Ukitoka 80 kwenda 110, hewa inalisukuma gari nyuma kwa nguvu inayokaribia mara mbili. Na unapata nini? Kilomita 110 za Lindi kwa mwendo wa 80 ni saa moja na dakika 22. Kwa 110 ni saa moja kamili. Hizo dakika 22 ni za kwenye karatasi. Barabarani kuna Mpapura, kuna Madangwa, kuna vibao vya 50 kila kijiji, kuna matuta, mbuzi na watoto wa shule. Unakimbia hadi 110, unakamata breki hadi 20 kwenye tuta, unakimbia tena. Kila ukikanyaga breki unatupa mafuta ambayo tayari uliyalipia. Tuta unaliona mita 200 kabla. Ondoa mguu mapema, gari lijipunguze lenyewe, ulifikie tuta bila breki ya nguvu. Mazoea haya peke yake yatabadilisha namba ya kwenye daftari kuliko chupa yoyote ya dawa ya mafuta.

Barabara ya Masasi kuna malori ya makaa ya mawe yanayoshuka kutoka Ruvuma kwenda bandari ya Mtwara. Kumganda dereva wa lori nyuma, kukanyaga mafuta, kurudi, kukanyaga tena, ni njia ya uhakika ya kumaliza tenki, ukiacha hatari yenyewe. Mpe nafasi, utembee kwa mwendo wake ulio sawa, ukipata barabara iliyonyooka umpite mara moja.

Sasa lile la nyutro. Ukishuka kutoka Newala upande wa bondeni, utaona dereva anaweka nyutro "ili gari lijitiririkie bure". Kwenye gari lenye nozo zinazoendeshwa na kompyuta, bure iko upande wa pili. Gari likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, kompyuta inakata mafuta kabisa, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka nyutro injini haina wa kuizungusha, kwa hiyo inanyonya mafuta ya sailensa, yale ya kunguruma tu, ili isizime. Umelipa zaidi, umepoteza breki ya injini, na breki za miguu zimebaki peke yake kwenye mteremko mrefu. Acha gia.

Kusimama injini inanguruma nako kuna bei yake. Injini ndogo ya petroli hula kati ya nusu lita na lita moja kwa saa bila kusogea hata hatua, na AC ikiwa imewashwa inaongeza. Ukimsubiri mtu nje ya hospitali kwa zaidi ya dakika moja, zima. AC yenyewe si adui. Mjini kwa mwendo mdogo, fungua vioo. Barabara kuu, funga vioo uwashe AC, kwa sababu vioo vilivyo wazi kwenye mwendo mkubwa vinakamata hewa. Joto la Novemba mpaka Februari tunalijua: egesha chini ya mwembe, fungua milango yote dakika moja kabla ya kuondoka, AC itapata kazi nyepesi.

Hatua ya tano: upepo, mzigo na vitu vinavyoburuza

Tairi laini linaburuza gari saa zote. Pima upepo asubuhi kabla gari halijatembea, maana tairi lililopata joto linadanganya kwa kusoma juu. Kipimo sahihi hakiko kwenye kichwa cha kijana wa pancha, kiko kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kwenye magari yaliyotoka Japani utakuta imeandikwa kwa Kijapani na kwa kPa, wakati mashine ya upepo inasoma psi. Gawanya kPa kwa 6.9. Ukiona 220, ni kama 32. Usisome namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, hiyo ni ya juu kabisa ambayo tairi linavumilia. Mara mbili kwa mwezi inatosha, na kabla ya kila safari ndefu.

Baada ya safari ya kawaida, sogeza kiganja karibu na ringi za magurudumu bila kuzigusa. Moja ikitoa joto kali kuliko wenzake, breki ya gurudumu hilo imekamata. Unaendesha huku breki imekanyagwa, na hakuna mtindo wa udereva utakaoficha hilo. Gari likivuta upande mmoja au tairi likiliwa upande, pima alaimenti, yaani mnyooko wa magurudumu.

Keria tupu juu ya paa itoe. Jeki ya zamani, madumu, mifuko ya saruji iliyosahaulika, vyote vishushwe. Kama una gari la otomatiki la zamani kidogo, angalia dashibodi kama taa ya O/D OFF inawaka. Wengi hubonyeza kitufe chake bila kujua, gari likakosa gia ya juu kabisa, likatembea safari nzima ya Dar es Salaam, kilomita 560, injini inapiga kelele. Kitufe kiko kwenye rungu la gia.

Hatua ya sita: gereji, kwa swali maalumu

Usiende kumwambia fundi "gari linakula mafuta". Atabadilisha plagi, atasafisha nozo, atabadilisha pampu, kwa mpangilio huohuo, na wewe utalipa kila kituo. Nenda na daftari: "Lilikuwa linatoa 13, sasa linatoa 9, tangu mwezi uliopita." Taa ya injini ikiwaka, dai lipimwe kwa mashine kwanza. Sensa ya oksijeni iliyokufa, kwa mfano, inaifanya kompyuta imwage mafuta kwa kubahatisha, na macho ya fundi hayawezi kuiona.

Kuna jambo moja la gereji zetu ninalolipigia kelele: kung'oa themostati. Gari likichemka, suluhisho la haraka ni "tuitoe hii, huku kwetu joto". Themostati kazi yake ni kuiwezesha injini ifike joto lake na ikae hapo. Ukiitoa, injini inatembea ikiwa baridi, na kompyuta ikiona baridi inadhani ndiyo kwanza imewashwa asubuhi, inaongeza mafuta. Kama mshale wa joto haufiki mahali ulipokuwa unafika zamani, uliza kama ipo. Kuirudisha mara nyingi ni nafuu kuliko mafuta inayokupotezea.

Chujio la hewa, ea klina, lina sifa kuliko stahili yake. Kwa gari lenye nozo za kompyuta, likiziba linaua nguvu zaidi kuliko linavyoongeza ulaji. Lakini kama unapita barabara ya vumbi ya Nangurukuru kwenda Liwale mara kwa mara, libadilishe mapema, kwa afya ya injini. Oili iwe ya unene ulioandikwa kwenye kitabu. Kuweka nzito kwa sababu gari ni la zamani kunaipa injini mzigo wa ziada kila inapozunguka.

Visivyosaidia

Kujaza mafuta alfajiri ati yamenywea kwa baridi: matenki ya sheli yako chini ya ardhi, na huko joto la asubuhi na la mchana halitofautiani kwa kiasi cha kuonekana kwenye risiti. Sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta, acha. Dawa za chupa zinazoahidi theluthi ya mafuta bure, acha. Kama bado una hamu, pima fulu mpaka fulu kabla na baada, daftari litakujibu.

Na gesi je? Wengi wanauliza, na swali lina uchungu wake, maana gesi ya Mnazi Bay inachakatwa hapahapa Madimba halafu inasafiri kwa bomba kwenda Dar es Salaam. Kwa kilomita moja, gesi huwa nafuu kuliko petroli. Lakini vituo vingi vya kujazia magari viko Dar es Salaam, na mtungi hula sehemu kubwa ya buti. Kabla hujatoa hela ya kufunga mfumo, hakikisha kituo unachoweza kukifikia kinafanya kazi leo, si kinachosemwa kinakuja. Kisha chukua gharama ya kufunga, igawanye kwa shilingi utakazookoa kila kilomita, uone ni kilomita ngapi zinahitajika kuirudisha. Mtu wa kilomita 600 kwa mwezi na dereva wa teksi hawatapata jibu moja.